Kitambaa Kilichoungua Hakishiki Uzi

Siwema halali, anazama. Ni saa nane za mchana, kengele ya kuwatoa watu waliokuja kuona wagonjwa imeshalia, na wodi imebaki na harufu ya dawa ya kudekia na uji uliopoa. Homa imempanda tangu asubuhi, dripu inadondoka tone kwa tone, na macho yake yameganda kwenye tundu moja la chandarua, tundu la ukubwa wa kifungo cha shati, juu kidogo ya mto. Fundi cherehani haoni tundu akanyamaza. Tangu juzi alipoletwa hapa analitazama na vidole vinamwasha, maana kwa sindano na uzi mweupe ingekuwa kazi ya dakika mbili, lakini nani atampa sindano mgonjwa aliyekatazwa hata kuketi? Daktari amepita asubuhi, akasema kwa sauti ya chini kwamba chupa imepasuka kabla ya wakati wake, kwamba maambukizi yameingia ndani na ndiyo yanayoleta homa hii, kwamba mtoto ana wiki ishirini na tatu tu na kwa wiki hizo hapa hawana la kumfanyia, na kwamba akiachwa humo atamchukua na mama yake. Kwa hiyo aanzishiwe uchungu, atie saini. Siwema amekataa. Amesema mtoto yumo, amecheza alfajiri, amemsikia, na mtu anayecheza hatolewi nyumbani kwake. Nesi Felista, ambaye Siwema hajamwona uso hata mara moja kwa sababu ya barakoa, akaikunja ile karatasi, akasema atarudi nayo saa kumi. Fikiri, mama, akasema. Siwema anafikiri, na anachofikiri ni kimoja tu, kwamba palipopasuka hushonwa, na mpaka saa kumi kuna saa mbili nzima.

Lakini kabla hajazama kabisa acha niseme lililo kweli, hata kama linauma, maana hadithi inayoficha haimfai mtu. Maji yalianza kumtoka siku nne kabla hajamwambia yeyote. Majirani walishamwambia kwamba mimba ya kwanza hukaa juu ya kibofu, mkojo ukimponyoka mtu asishangae, naye akayashikilia maneno hayo kwa kuwa ndiyo yaliyomfaa. Akawa anakunja vipande vya bitana, anaweka, anabadilisha, anarudi kwenye cherehani kumalizia sare za harusi ya watu. Ndiyo ufundi huo, kinachovuja kinazibwa kwa kitambaa. Mficha uchi hazai, walisema wahenga wakaenda zao, hawakukaa kumwuliza anayeficha anamwogopa nani. Siwema alimwogopa Bi Tunu, mama wa mumewe Maulidi. Kwa kina Maulidi mtoto aliye tumboni hashonewi wala hanunuliwi kitu, hata soksi, maana nguo ikitangulia mwenye nguo haji. Bi Tunu aliyasema hayo siku tumbo lilipoanza kuonekana, na Bi Tunu akisema jambo halirudii, anakutazama tu mpaka uone aibu ya kosa ambalo hujalifanya. Na huyu Siwema, aliyevisha watoto wa mtaa mzima, mwezi wa tano uzalendo ukamshinda. Akashona kigauni cha popilini nyeupe, pindo akalishona kwa mkono, akakificha chini kabisa ya droo ya cherehani. Sasa angeyatajaje maji bila kukitaja kigauni? Moyoni alikwisha kuhukumu, kigauni ndicho kilichoyaita maji. Akanyamaza siku nne, na siku ya tano akaanza kutetemeka kwa baridi katika jua la saa sita, ndipo Maulidi akambeba akamleta hapa.

Tundu la chandarua linapanuka. Kwanza ni kifungo, kisha ni sahani, kisha ni mlango, na Siwema anapita bila kuinama, na upande wa pili hakuna kitanda cha jirani wala dirisha, kuna njia. Njia ni nyekundu, laini chini ya nyayo, ina unyevunyevu, haina jua, na mwanga wake unatoka kwenye kingo zenyewe. Anakwenda. Njia inapanda, inapinda, inafika kwenye njia nyingine ambayo ni ile ile, na pale anapodhani ndiyo kwanza anaanza, ndipo anapokuwa amefika. Anajitazama, anakuta sindano imechomekwa kifuani kwenye gauni la hospitali, imeshatungwa uzi mweupe, na mkononi ameshika kigauni. Mbele yake amesimama mtu, futi ya kupimia imening'inia shingoni, na mahali pa uso hana kitu, ni patupu kama kitambaa ambacho hakijapigwa chaki. Siwema hamwogopi. Anamwuliza, palipopasuka ni wapi, nimekuja kushona. Mtu yule anajibu, na sauti yake inatoka nyuma ya Siwema: nyumba ina kuta mbili na mwenyeji mmoja, kuta zilisimama mpaka zilipotetewa. Siwema anasema hakuja kutegewa vitendawili, ana saa mbili tu. Saa mbili za wapi, mtu yule anauliza, kisha anatangulia, na Siwema anamfuata kwa kuwa hakuna mwingine wa kumfuata. Wanapita mahali walipokwisha kupita. Wanapita tena, na safari hii pana mji.

Huo ndio ukuta wa kwanza, nao ni mnene hata watu wanaishi ndani yake, una vichochoro na viambaza, na katikati umepitiwa na mpaka ambao hakuna anayejua nani aliuchora. Kila nyumba ya upande huu ina mwenzake upande wa pili, mlango kwa mlango, kizingiti kwa kizingiti, na mwanamke wa huku akiinua mkono wenye ufagio, wa kule naye anainua, ila mikono ya kule ni midogo. Siwema anauliza hawa ni kina nani. Anaambiwa, wa huku ni watu wako, wa kule ni watu wake. Tangu mwanzo wamekuwa wageni wao kwa wao, na kwa desturi ya nchi hii mgeni hufukuzwa, lakini hawa walikubaliana wasifukuzane. Miezi yote hii wamekaa ukuta mmoja, jamaa mbili, na hakuna aliyemtolea mwenzake hata neno. Siwema anawatazama wale wa mikono midogo, anamtafuta aliyechukua paji la Maulidi, lakini wote hawana nyuso. Moyo unamuuma kwa namna ambayo hakuitegemea, maana hakujua kama mtoto wake alikwisha kuwa na watu wake. Amekuwa akimwita huyu wangu, huyu wangu, kumbe mwenzake ana mji, ana mafagio, ana vizingiti. Na katika vichochoro vyote hivyo kengele inalia. Anauliza ni kengele ya nini, na kila anayemwuliza anaacha alichokuwa akifanya, ananyoosha mkono kuonyesha bondeni, kwenye lango la chini, na wa upande wa pili naye ananyoosha mkono wake mdogo kuonyesha huko huko.

Langoni amekaa bawabu, mwanamke mwenye kamba ya kengele mkononi, na hata sasa haachi kuivuta. Siwema anamwuliza hao wageni wa kutoka nje anaowapigia kengele waliingia vipi. Bawabu anasema lango lilikuwa limezibwa kwa ute mzito, tangu mwezi wa kwanza, lakini wale ni wadogo, wadogo kuliko pumba, walipanda kidogo kidogo kutoka njia ya chini, hawakubeba silaha, hawakubeba hata kijinga cha moto. Siwema anasita. Kuna jambo amelikumbuka na hapendi kulikumbuka. Mwezi wa nne mkojo ulikuwa ukimchoma, akaenda zahanati, akapewa vidonge vya siku saba, akameza vya siku tatu, akapona, vilivyobaki akavitia katika kopo la vifungo visije vikapotea. Anauliza, ndio wale? Bawabu anasema, huenda ndio, huenda sio, njia hii hupitwa na wengi, na zipo nyumba za waliomeza mpaka kidonge cha mwisho nazo zimewaka. Siwema anataka ndiyo au hapana. Mtu aliye katika hali yake huwa hataki huenda, huenda haishikiki, huwezi kulala nayo kitandani ukailaumu. Lakini bawabu anavuta kamba tu. Niliwaona, anasema, nikapiga kengele, ndiyo kazi niliyowekewa. Nikalilia msaada, na kilio changu ndicho kilichoangusha nyumba. Siwema anasema hicho nacho kitendawili. Bawabu anasema, hapana, hicho ni kisa changu.

Na kweli askari wanapita. Wamevaa nyeupe, wanakimbia bila mwisho, wa kwanza wanatoka upande wa Siwema, anawatambua kwa mikono, na silaha yao ni moto. Kila wanapomwona mgeni wanamwasha, na mgeni anakufa kweli, hakuna anayeweza kuwatia kasoro askari hawa katika kazi yao. Lakini mtu akichoma kunguni waliomo ndani ya godoro, godoro nalo haliponi. Kichochoro kimoja kinaungua, kisha kingine, zile nyumba zilizotazamana zinatazamana zikiwaka, na wanawake wa huku na wa kule wanainua mikono pamoja, safari hii si kufagia. Siwema anakimbia kupanda. Anapita njia ile ile, mji ule ule, mara tatu, kila mara una milango michache kuliko mara iliyopita, na yule mtu wa futi shingoni yuko mbele yake bila kukimbia. Kengele hailii tena bondeni peke yake, inalia ndani ya mgongo wa Siwema, inabana, inaachia, inabana.

Ukuta wa pili uko ndani ya wa kwanza. Huu ni mwembamba, unang'aa, hauna kichochoro hata kimoja wala mfereji wa damu wa kumnywesha mtu, wanaokaa humu hunywa kutoka kwenye ziwa lililo nyuma yake, na nguvu yake yote iko kwenye uzi. Siwema anaujua uzi. Anapitisha kiganja, anahisi kwamba kila uzi umesokotwa nyuzi tatu kwa pamoja, ukatandazwa huku na huku mpaka ukawa kitu ambacho cherehani haikitoi hata ushinde unaikanyaga. Amewahi kuiona kazi nzuri, hajawahi kuiona hii. Na mbele ya kazi hiyo wamekaa wanawake safu nzima, wa mikono midogo, wanafumua. Wanafumua uzi mmoja mmoja, kwa uangalifu ule ule waliofumia. Siwema anawauliza kwa nini, anauliza kama fundi anavyomwuliza fundi mwenzake. Aliye karibu anamjibu bila kuinua kichwa. Kengele imetuagiza tuwafungulie askari njia, anasema, wasipopita hapa hawawafikii wageni. Siwema anamwambia, na mwenye nyumba je? Yule mwanamke anasema, ni kwa ajili yake. Hana macho ya kulilia, lakini hafumui haraka kuliko anavyolazimishwa. Kikulacho ki nguoni mwako, anawaza Siwema, kisha anajirudi, maana hawa hawali kitu, hawa wanamtetea mtoto wake kwa njia pekee waliyofundishwa, na mtu atamshtaki nani hapo?

Chini ya ukuta, pale walipofumua sana, pana tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Maji yanapita, ya uvuguvugu, na Siwema anayajua maji hayo, ameyakunjia bitana siku nne. Anapiga magoti. Anachungulia, na nyuma ya tundu kuna ziwa, na katikati ya ziwa amejikunja mtu mdogo, amempa mgongo, ana nywele. Hakuna aliyemwambia Siwema kwamba angekuwa na nywele. Basi anachomoa sindano kifuani, anatandaza kigauni juu ya tundu kiwe kiraka, anashona. Sindano inaingia vizuri. Anavuta uzi, na ukuta unamfuata na uzi, unabanduka kama mkate uliokauka, tundu linakuwa sahani. Anahamia pembeni kidogo, anashona mbali na palipoliwa, uzi unavuta, ukuta unakuja. Anakumbuka alipokuwa mwanagenzi, alipoacha pasi ya mkaa juu ya suruali ya mteja, akakaa siku nzima anajaribu kuirudishia, na fundi aliyemfundisha akamtazama mpaka jioni ndipo akamwambia, kitambaa kilichoungua hakishiki uzi. Anashona hata hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, anamwambia yule mtu wa futi, kama anayejitetea mbele ya hakimu. Yule mtu anasema, na ufa uliochimbwa na wenye ukuta, azibe nani? Siwema anatunga uzi upya, vidole vimelowa, uzi hauingii katika tundu la sindano, anaulamba, anajaribu tena. Tundu la ukuta limekuwa mlango.

Moshi umeanza kushuka ziwani. Mtu mdogo anakunywa maji, kama alivyozoea kuyanywa, na sasa yana moshi, na kifuani mwake wanatoka askari wake mwenyewe, weupe, wadogo mno, nao wamebeba moto. Siwema anapowaona hao, mikono inasimama. Yule mtu wa futi anakaa chini kando yake, jambo ambalo hajalifanya tangu walipoanza safari. Ukimbakisha, anasema, moto utashuka mpaka kwenye ardhi, na ardhi ni wewe. Siwema anasema, nichukueni mimi. Analisema bila kufikiri, na hata angefikiri angelisema. Mtu anamwuliza, tukikuchukua wewe yeye atakaa wapi? Na hiki ndicho kitendawili pekee ambacho Siwema anakijibu, anakijibu kwa kuuachia uzi. Kisha anauliza lile alilolivukia chandarua, ingawa alijidanganya kwamba amekuja kushona. Anauliza, ni mimi? Ni kigauni? Ni vidonge, ni siku nne? Wanawake wa safu wanaacha kufumua. Yule wa karibu anachukua pindo la kigauni, analipapasa, anaona kwamba limeshonwa kwa mkono. Kigauni hakijafika huku mpaka leo ulipokileta mwenyewe, anasema. Vidonge hatuvijui. Siku nne tumezihesabu, hatutakudanganya, ni siku ndefu. Lakini kengele ilikuwa imeshalia kabla ya tone la kwanza. Siwema anaomba alirudie neno hilo. Analirudia: kengele ilikuwa imeshalia.

Siwema anaweka sindano chini. Anamwita mtoto, hana jina la kumwitia, anasema wewe, wewe mama, njoo, na mtu mdogo anageuka. Ana uso. Katika nchi yote hii ni yeye peke yake mwenye uso, na uso wenyewe ni paji la Maulidi na mdomo wa Bi Tunu, ule mdomo uliobana kama wa mtu ambaye harudii jambo. Siwema anacheka, Mungu amsamehe, anacheka na machozi yanamtoka, maana mwanamke aliyemwogopa miaka miwili anamtazama kutoka majini na ana ukubwa wa kiganja na nusu. Mgongo unabana, hauachii. Anakifungua kigauni kwa mikono miwili, kama mtu anayemsubiri mtoto atoke kwenye beseni, na anasema, mfungulieni. Wanawake wanasimama. Mfungulieni, anasema tena, na ukuta unapita, na ziwa linapita, na mji wenye milango iliyotazamana unapita, na bawabu na kamba yake, na njia yote nyekundu aliyoizunguka inampita miguuni kwa mara moja, ya uvuguvugu, na mikono yake imekaa wazi hajui kama ameshika kitu.

Anaamka, au anafika mahali ambapo watu husema mtu ameamka. Chandarua kimefungwa fundo juu, kwa hiyo tundu halionekani. Jua ni la saa kumi. Kando ya kitanda amesimama mtu asiye na uso, na Siwema anamwambia, nimeshawaambia mfungulieni. Mtu huyo anamshika mkono, anatafuta mapigo, anasema taratibu kwamba yeye ni Felista, na kwamba ni kweli alisema, alisema sana, mfungulieni, mfungulieni, lakini hapakuwa na wa kufungua, uchungu ulikuja wenyewe siku ile ile kabla hajarudi na karatasi. Leo ni siku ya tatu. Homa imeshuka. Mtoto alikuwa wa kike, alipumua robo saa, baba yake akawahi kumwadhinia, akampa jina. Siwema anauliza yuko wapi. Felista anamtazama mtu aliyekaa upande wa pili wa kitanda, na Siwema anageuza shingo, anamwona Bi Tunu.

Bi Tunu amekaa kwenye stuli, khanga imefunika kichwa, macho yamevimba. Nimemwosha mwenyewe, anasema. Nilikwenda nyumbani kutafuta kitambaa cheupe cha sanda, nikajua kwa fundi hakikosekani, nikavuta droo ya cherehani, nikakikuta. Siwema anafumba macho, anangoja. Sanda haitaki mshono, mwanangu, Bi Tunu anasema, na tangu Siwema aolewe hajawahi kuitwa hivyo na mdomo huo. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti chako nikakifumua, uzi mmoja mmoja, sikukichana. Pindo limenichukua muda, ulilishona vizuri. Kimemzunguka mara mbili. Maulidi amempa jina langu, Tunu, basi somo yangu ameondoka amevikwa na mama yake. Kisha anapeleka mkono kwenye pindo la khanga, anafungua fundo, anatoa kikofia cha sufu ya njano, kimefumwa kwa mkono, na anakiweka juu ya shuka. Hiki nilikifuma mwezi wa tatu, anasema, kabla hata sijawakataza. Nilikificha kwenye debe la mchele. Kama nguo huua, basi tumemwua wawili, na mimi ndiye niliyetangulia. Nimemwuliza daktari. Kasema nguo haiui mtu, kasema ni ndani kulikuwa kunawaka.

Na hapo ndipo Siwema anapoanza kushuku. Bi Tunu anayemjua haombi radhi, haketi kwenye stuli ya hospitali, hamwiti mtu mwanangu. Huyu anazungumza kama watu wa kule, anafumua kama watu wa kule. Inawezekana kwamba hapa ndipo kwenye ndoto, kwamba njia imepinda tena ikamrudisha mahali panapofanana na wodi, na kama ni hivyo basi kwingine, upande wa pili wa tundu, ni saa nane bado, karatasi haijarudi, na mtoto anacheza. Na ikiwa hapa ndipo kweli, basi amepewa mama mkwe na amenyang'anywa mwana, na hakuna mtu aliyemwuliza kama anataka kubadilishiwa. Anamtazama Felista. Anamwuliza, huku ni ndani au ni nje? Felista haelewi, au anaelewa, maana anatazama mlangoni kama yupo wa kumkataza, kisha anashusha barakoa hadi kidevuni. Ana pua fupi na mwanya, na uso mzima umelowa. Ni nje, mama, anasema. Huku ni nje.

Siwema anachukua kikofia. Anajaribu kuingiza mkono, vinaingia vidole vitatu, na kwa vidole vitatu hivyo anapima, fundi hupima hata asipotaka. Anahisi uvuguvugu kifuani. Anatazama chini, gauni la hospitali limelowa mahali pawili, na doa linapanuka, kwanza ni kifungo, kisha ni sahani. Maziwa yamekuja. Yamekuja kwa wakati wake, yamejaa, hayakuambiwa mwenye kuyanywa yuko upande upi. Mkono wake unatafuta kitambaa cha kukunja kabla mtu hajaona, unatafuta pembeni ya mto, unatafuta chini ya shuka, kisha unaacha kutafuta.

Mama, anamwambia Bi Tunu, ninavuja.

Bi Tunu anavua khanga kichwani, anaikunja mara nne, anamwekea kifuani na kuishikilia hapo kwa viganja vyote viwili, na nje ya dirisha kengele ya kuwaruhusu wageni inaanza kulia.